Rejeta Inayotosha Injini

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa

Ninyi mlioko Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na Mkinga, na ninyi mlioko mbali zaidi, vuteni viti karibu na redio. Somo la leo lina hesabu kidogo, kwa hiyo kila mtu awe na kalamu na daftari. Hesabu zenyewe si ngumu. Ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kama mlivyokwisha kujifunza.

Leo tutazungumza juu ya rejeta. Rejeta ni kile chombo cha chuma au shaba kinachokaa mbele ya injini, chenye vibomba vyembamba na mapezi mengi. Kazi yake ni kupoza maji yanayoizunguka injini. Kila mtu amekwisha kuona lori limesimama kando ya njia, kifuniko cha injini kimefunguliwa, mvuke unatoka, na utingo anakimbia na dumu kutafuta maji. Tunasema gari linachemsha.

Watu wengi husema, "Injini kubwa, rejeta kubwa, injini ndogo, rejeta ndogo." Maneno hayo yana ukweli kidogo, lakini yamewatia watu wengi hasarani. Kabla ya kusema rejeta fulani inatosha, inatupasa kuuliza maswali matatu. La kwanza: injini itafanya kazi gani? La pili: hewa ya mahali pale ina joto kiasi gani? La tatu: upepo utapita wapi? Andikeni maswali hayo matatu. Tutayarudia mara nyingi.

Mashine ya kusaga

Tuanze na mfano. Tuseme kuna kikundi cha wakulima 12 katika kijiji kimoja karibu na Muheza. Wamechanga fedha kwa miaka miwili, maana akina mama wa kijiji hicho hubeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali, wakarudi jioni. Kikundi kimenunua injini ya dizeli iliyotolewa katika lori kuukuu, pamoja na rejeta yake na feni yake. Fundi amewaambia, "Injini hii ilikuwa ikienda Tanga na kurudi kila siku, wala haikuchemsha hata mara moja." Na fundi hakusema uongo.

Wakajenga kibanda cha udongo na bati, chenye mlango mmoja na dirisha dogo, ili mwizi asiingie. Wakaifunga injini ndani, wakaunganisha mkanda na kinu. Asubuhi mashine ilikwenda vizuri. Ilipofika saa sita mchana, watu wamepanga foleni, maji yakaanza kuchemka. Wakazima, wakangoja, wakaongeza maji, wakawasha tena. Wakaendelea hivyo kwa wiki mbili. Mwisho gasketi ya silinda hedi ikaungua, na fedha iliyobaki ikaliwa na matengenezo. Akina mama wakaishika tena njia ile ya zamani, mahindi kichwani.

Sasa nawauliza. Injini ni ileile, rejeta ni ileile, na feni ni ileile. Mbona barabarani haikuchemsha, na kibandani inachemsha?

Joto linatoka wapi?

Injini ni jiko. Dizeli huungua ndani ya silinda, na joto lake husukuma pistoni. Lakini si joto lote linalogeuka kuwa kazi. Kwa makadirio ya kawaida, joto la mafuta hugawanyika mafungu matatu yanayokaribia kuwa sawa. Fungu la kwanza hufanya kazi tunayoitaka. Fungu la pili hutoka na moshi katika ekzosi. Fungu la tatu huingia katika chuma cha injini na maji yake. Hilo la tatu ndilo mzigo wa rejeta.

Tuseme injini yetu inasaga kwa nguvu ya kilowati 20, yaani karibu nguvu za farasi 27. Injini ya namna hiyo itakunywa karibu lita 6 za dizeli kwa saa. Basi lita 2 zinasaga mahindi, lita 2 zinatoka kwa moshi, na lita 2 zinapasha maji moto. Joto la lita hizo 2 kwa saa ni karibu kilowati 20 pia. Mnaona? Joto linaloingia katika maji hukaribia kuwa sawa na nguvu ya kazi. Kumbukeni hivyo, ni njia nyepesi ya kuanzia hesabu.

Je, kilowati 20 za joto ni nyingi? Chukueni ndoo ya lita 20 ya maji ya kisimani. Kwa joto hilo, maji ya ndoo nzima yangeanza kuchemka baada ya dakika 5 na robo hivi. Na injini haisimami baada ya dakika 5. Joto la ndoo nyingine linakuja, na nyingine tena, mpaka jioni. Lote lazima rejeta ilitupe nje.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza: injini itafanya kazi gani? Lori likiwa katika barabara tambarare halitumii nguvu zake zote. Dereva hukanyaga mafuta, kisha huachia. Penye mteremko injini inapumzika. Lakini mashine ya kusaga haina mteremko. Kwake siku nzima ni kupanda mlima. Kwa hiyo rejeta iliyotosha kwa lori huenda isitoshe kwa kinu, ingawa injini haikubadilika hata skrubu moja.

Hewa ndiyo mchukuzi

Maji hayalimalizi joto. Maji ni mchukuzi wa kwanza tu: hulitoa joto katika injini na kulileta kwenye rejeta. Kwa injini yetu, kama maji yanapoa nyuzi 8 yakipita katika rejeta, pampu lazima ipitishe karibu lita 36 kila dakika. Vibomba vikiziba kwa ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika, maji hayo hayapiti. Ndiyo maana haifai kutia maji ya chumvi katika rejeta. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Yanaacha ukoko, na tena yanakula chuma. Tieni maji ya mvua yaliyo safi, au maji yenye dawa ya kuzuia kutu inayouzwa kwa kazi hiyo.

Mchukuzi wa pili ni hewa. Huyu ndiye anayelipeleka joto nje kabisa. Hebu tupime mzigo wake. Mita moja ya ujazo ya hewa, yaani sanduku lenye urefu wa mita moja kila upande, ikipashwa joto la nyuzi 20, huchukua karibu vipimo 23 vya joto. Wataalamu huviita kilojuli. Injini yetu inatoa vipimo 20 kila sekunde. Kwa hiyo, kila sekunde, rejeta inahitaji karibu mita 0.9 za ujazo za hewa. Fikirini: kila mnapohesabu moja, mbili, tatu, kila hesabu sanduku zima la hewa, limepungua kidogo tu, lazima liwe limepita kati ya mapezi.

Sasa andikeni hesabu hii. Rejeta ina upana wa sentimeta 60 na urefu wa sentimeta 50. Sentimeta 60 ni mita 0.6. Sentimeta 50 ni mita 0.5.

0.6 × 0.5 = 0.3

Uso wa rejeta ni mita 0.3 za mraba. Feni inavuta hewa kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, kama mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

0.3 × 3 = 0.9

Tumepata mita 0.9 za ujazo kila sekunde, sawasawa na mahitaji yetu. Rejeta hii inaweza kutosha, mradi mapezi yake ni mazima na hewa inapita kweli.

(Hapa palikuwa na kimya kidogo redioni ili darasa liandike.)

Angalieni neno hilo: hewa ipite kweli. Kama pembeni mwa rejeta kuna nafasi wazi, feni itavuta hewa ya pembeni na kuliacha joto katika mapezi. Hewa ni kama mtu mvivu. Hupenda njia nyepesi. Mapezi yakijaa vumbi la unga, majani au wadudu, njia ya kati inakuwa nzito na hewa hupita kando. Pwani hii tuna adui mwingine tena: upepo wa bahari una chumvi, nayo huyala mapezi mpaka yakawa unga. Rejeta ambayo mapezi yake yamelika, hata ikiwa pana kama mlango, haina kazi.

Hesabu ya kutoa na kujumlisha

Sasa tufike kwenye swali la pili: hewa ya mahali ina joto kiasi gani?

Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi. Tofauti ikiwa kubwa, joto hutoka upesi. Tofauti ikiwa ndogo, joto hutoka polepole. Chai ya moto hupoa upesi usiku wa Lushoto kuliko mchana wa Tanga.

Tuseme kikundi chetu kwanza kilijaribu mashine nje, chini ya mwembe, kinu kikiwa na mzigo kamili. Wakapima hewa ya kivulini: nyuzi 33, joto la kawaida la mchana wa Januari au Februari huku pwani. Wakapima maji ya rejeta baada ya saa moja: yametulia kwenye nyuzi 90. Toeni:

90 − 33 = 57

Kwa kazi hii, na rejeta hii na feni hii, tofauti ni nyuzi 57. Na jambo la ajabu ni hili: kazi isipobadilika, na upepo usipobadilika, tofauti hiyo hubaki karibu vilevile popote mtakapoipeleka mashine. Maana yake mnaweza kujua mbele yatakayotokea, kwa kujumlisha tu.

Ipelekeni Lushoto, siku ambayo hewa ina nyuzi 20. Jumlisheni: 20 na 57 ni 77. Injini inakwenda raha.

Sasa iingizeni katika kibanda cha bati. Hewa ya moto inayotoka nyuma ya rejeta haina pa kwenda. Inagonga ukuta, inarudi mbele, inavutwa tena. Injini na ekzosi nazo zinapasha chumba. Baada ya saa chache hewa ya mbele ya rejeta imefika nyuzi 48. Jumlisheni:

48 + 57 = 105

Maji yanataka kufika nyuzi 105. Lakini sisi tuko pwani, na maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Basi mmekwisha kumpata mwizi. Rejeta haikuwa ndogo, ila ilikuwa ikivuta pumzi yake yenyewe.

Mtu atauliza, "Mbona gari zima hufika zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemsha?" Swali zuri. Kifuniko cha rejeta kina springi inayozuia mvuke. Maji yakibanwa hayachemki upesi; vifuniko vingi huyafanya yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Lakini kifuniko hakiongezi kupoza. Kinaongeza muda tu kabla ya aibu. Springi ikichoka, maji huchemka mapema. Na ndugu zangu, kwa sababu maji hayo yamebanwa, msifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Maji huruka usoni na kuunguza vibaya. Zimeni, ngojeni mpaka mtu aweze kushika rejeta kwa mkono mtupu, ndipo mfungue. Wala msimimine maji baridi katika injini iliyochemsha, maana chuma huweza kupasuka.

Jambo hilihili linaeleza taabu ya vyombo vinavyotoka nchi za baridi. Tuseme rejeta imetengenezwa kwa nchi yenye hewa ya nyuzi 10, nayo inataka tofauti ya nyuzi 80. Huko maji yatafika 90. Huku kwetu, 33 na 80 ni 113. Kifaa ni kizuri, lakini kimepimwa kwa hewa nyingine. Mnaponunua injini iliyotumika, msiulize tu ilikuwa ya gari gani. Ulizeni pia ilifanya kazi wapi.

Lori la Lushoto

Tuje kwenye swali la tatu: upepo utapita wapi? Hapa tulifuate lori linalotoka Mombo kupanda Lushoto. Barabara ile ina zaidi ya kilometa 30 za kona na mlima. Lori lenye shehena hupanda kwa gia ndogo. Injini inatumia nguvu zake zote, lakini mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo wa safari haupo. Feni peke yake ndiyo inayofanya kazi. Siku nyingine upepo unavuma kutoka nyuma ya lori, nalo linatembea pamoja na hewa yake ya moto.

Zaidi ya hayo, kadiri tunavyopanda, maji huchemka mapema. Kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu uzi mmoja. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Lakini hewa ya juu ni baridi, na hilo linasaidia. Ndiyo maana malori mengi hushindwa chini na katikati ya mlima, penye joto bado, yasishindwe kule juu.

Kwa hiyo fundi mwenye akili hapimi rejeta kwa safari ya Tanga na Muheza. Huipima kwa saa mbaya kuliko zote: mzigo kamili, mwendo mdogo, mchana wa Februari. Rejeta ikitosha saa hiyo, saa nyingine zote itatosha.

Rejeta ya gari ndani ya ndege

Msidhani mambo haya ni ya malori na vinu peke yake. Pwani yetu hii imewahi kuona rejeta ya gari ikiruka angani.

Ilikuwa Novemba 1914, mwezi uleule vita vilipopiganwa hapa Tanga. Kusini, katika mto Rufiji, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imejificha kati ya mikoko. Waingereza walimleta rubani, Bwana Cutler kutoka Durban, pamoja na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo karibu na Mafia. Rejeta ya ndege ile ilileta taabu. Ikabidi itafutwe nyingine, ikapatikana Mombasa: rejeta ya gari la Ford. Ikafungwa katika ndege, na rubani akaruka, akaiona manowari ndani ya delta. Mwezi uliofuata injini ilimshinda angani, akashuka, akakamatwa. Manowari yenyewe iliangamizwa Julai 1915.

Gari la Ford la siku zile lilikuwa na injini ya nguvu za farasi 20 hivi. Rejeta yake ilikuwa imepimwa kwa barabara. Ndege haifanyi kazi kama gari. Ikiondoka majini hutumia nguvu zote, na ikipanda hutumia nguvu nyingi, huku mwendo wake bado mdogo. Mnaona? Ni lori la Lushoto lilelile. Tofauti ni kwamba dereva wa lori likichemsha husimama chini ya mwembe. Rubani hana mwembe.

Mpaka leo wako watu, hasa Marekani, wanaojijengea ndege zao wenyewe, na serikali huzikagua kabla hazijaruka. Baadhi yao hutia injini ya gari aina ya Mazda isiyokuwa na pistoni. Injini hiyo ilibuniwa na Mjerumani, Felix Wankel. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1957, na Mazda ilianza kuuza magari yenye injini hiyo mwaka 1967. Ndani yake mna chuma chenye pembe tatu kinachozunguka. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini mafuta huungua daima upande mmoja wa injini, na upande huo hupata joto kali. Tena chuma kinachozunguka hupozwa kwa oili. Kwa hiyo inahitaji vipoozeo viwili. Kwa makadirio, theluthi mbili za joto huenda katika maji, na theluthi moja katika oili. Mtu akipima rejeta ya maji vizuri lakini akasahau oili, amefanya nusu ya kazi.

Tufanye hesabu yao. Injini inatoa kilowati 120, na joto la kutupwa ni karibu 120 pia. Theluthi mbili ni 80. Hiyo ni mara 4 ya kinu chetu. Kinu kilihitaji hewa ya mita 0.9 za ujazo kwa sekunde.

0.9 × 4 = 3.6

Hewa hiyo ni nyingi, nayo ikipigana na ndege huivuta nyuma kama mwavuli uliofunguliwa. Basi wajenzi hutumia rejeta nene zaidi, ili hewa ipate joto la nyuzi 40 badala ya 20. Hewa ikibeba mzigo mara mbili, inatosha nusu yake, yaani 1.8. Ndege ikipanda kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde, mdomo wa kuingizia hewa, kwa hesabu tupu, ni wa sentimeta 20 kwa 20:

0.2 × 0.2 × 45 = 1.8

Wajenzi huongeza kidogo, kwa kuwa si hewa yote inayokubali kuingia. Mdomo ule hupanuliwa polepole mpaka ufikie uso wa rejeta, na nyuma huwekwa njia ya kutokea. Wengi wao walipata taabu si kwa sababu rejeta ilikuwa ndogo, bali kwa sababu hewa iliingia na haikupata pa kutokea. Ni kosa lilelile la kibanda cha bati.

Kikundi kifanye nini?

Turudi Muheza kwa wakulima wetu 12. Wengine kati yao wanasema, "Tuuze mbuzi, tununue rejeta kubwa zaidi." Ninyi mliosikiliza mngewashauri nini?

Mimi ningewaambia hivi. Kwanza, acheni mbuzi. Toboeni ukuta wa upande wa baharini, tundu lisiwe dogo kuliko uso wa rejeta, mtie nondo za kumzuia mwizi. Huku kwetu kaskazi na kusi zote mbili hutoka upande wa bahari, kwa hiyo mwaka mzima upepo utawasaidia. Pili, sogezeni rejeta mpaka iguse tundu hilo, mzibe nafasi za pembeni kwa bati, ili feni isivute hewa ya ndani. Tatu, toboeni ukuta wa pili, juu karibu na paa, tundu lisiwe dogo kuliko lile la kwanza, ili hewa ya moto itoke. Nne, pelekeni bomba la moshi nje. Tano, safisheni mapezi, kazeni mkanda wa feni, na mpate kifuniko kizima.

Kisha jaribuni mashine saa nane mchana, mzigo kamili, kwa saa nzima. Pimeni hewa ya mbele ya rejeta na joto la maji. Toeni. Mkipata 57, na hewa ni 33, mmeshinda. Kama hata hapo maji yanazidi, ndipo tutakubali kwamba rejeta ni ndogo au imeziba, nanyi mtakwenda dukani mkijua mnachokitaka. Mtu aliyepima hadanganywi kwa urahisi.

Muhtasari

Joto la maji hukaribia kuwa sawa na nguvu ya kazi. Hewa ndiyo inayolipeleka joto nje, kwa hiyo lazima ipate pa kuingia na pa kutokea. Tofauti ya joto kati ya maji na hewa ikijulikana, mtu anaweza kujua mbele kama injini itachemsha. Na rejeta ipimwe kwa saa mbaya, si kwa saa nzuri.

Maneno ya kukumbuka

Mapezi: vipande vyembamba vya chuma kati ya vibomba vya rejeta, vinavyoipa hewa joto.
Gasketi: kizibio kati ya vyuma viwili, kisichoruhusu maji wala moshi kupita.
Mita ya ujazo: nafasi yenye urefu, upana na kimo cha mita moja moja.

Maswali ya darasa

1. Rejeta ina sentimeta 40 kwa 40. Feni inavuta hewa mita 3 kwa sekunde. Je, itapitisha hewa kiasi gani kila sekunde? Inatosha kinu chetu?
2. Tofauti ni nyuzi 57. Hewa ya kibandani ni nyuzi 45. Maji yatafika nyuzi ngapi?
3. Kwa nini lori huchemsha mlimani, lisichemshe tambarare?
4. Tajeni mashine moja ya mahali penu yenye rejeta. Nendeni mkaitazame. Hewa inaingia wapi, na inatoka wapi?

Swali la nne ndilo kubwa. Mwenye mashine akiwaruhusu, chukueni na kipimajoto. Jibuni mkiwa wawili wawili, mwandike, mpeane madaftari kusahihishana.